Kazi ya Kusikiliza Ndiyo Iliyonifundisha Kusema

Nilijiunga na klabu ya kuzungumza mbele ya hadhira kwa sababu ambayo wengi wanayo na wachache huitamka: nilikuwa naogopa kusimama mbele za watu, na kazi yangu ilikuwa imeanza kunidai nisimame. Nilitarajia kukuta darasa lenye mwalimu. Nilikuta chumba cha mikutano, ratiba ya ukurasa mmoja iliyogawa jioni nzima kwa dakika, na watu ambao karibu kila mmoja alikuwa na jukumu lake: mwendesha kikao, mtunza muda, msimamizi wa lugha, watathmini, mtathmini mkuu. Mwalimu hakuwepo, nami nilirudi nyumbani nikijiuliza ni nani hasa angenifundisha. Sasa nimepitia vikao vya kawaida, maandalizi ya sherehe, na mashindano niliyoingia kwanza kama mshindani kisha kama mwamuzi, na naona wazi kwamba mengi niliyojifunza kuhusu kusema niliyapata nikiwa nimeketi kimya, nimepewa kazi ya kusikiliza. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingeyakwepa majukumu madogo kwa muda mrefu kiasi kile.

Klabu yetu iko chini ya Toastmasters International, shirika ambalo mizizi yake inarudi kwenye kikao alichokiitisha Ralph Smedley tarehe 22 Oktoba 1924 katika jengo la YMCA mjini Santa Ana, California. Vikao vyake kwa kawaida vina sehemu tatu: hotuba zilizoandaliwa, mazungumzo ya papo kwa papo, ambamo mtu hupewa swali asilolitarajia na kutakiwa alijibu kwa dakika moja hadi mbili, na tathmini. Kila hotuba iliyoandaliwa ina mtathmini wake, na mtathmini mkuu naye huwatathmini watathmini pamoja na kikao chenyewe. Mgeni huruhusiwa kuhudhuria kabla ya kujiunga, na hapa ningemshauri mtu asiwe na pupa ya kulipa ada, kwa sababu klabu hutofautiana mno kwa tabia. Niliwahi kutembelea moja ambamo kila hotuba ilipigiwa makofi na hakuna aliyeambiwa neno la kumsaidia, na nyingine ambamo wanachama wa zamani waligawana majukumu wenyewe kwa wenyewe huku wapya wakibaki watazamaji. Ukitaka kujua utaangukia wapi, omba ratiba za vikao vilivyopita na uangalie kama majina ya wanachama wapya yamo.

Gharama nayo isemwe waziwazi. Ada hulipwa mara mbili kwa mwaka, na si hiyo iliyoniuma. Kilichoniuma ni jioni nilizokuwa natoka nyumbani watu wakiwa wanakaribia kuketi mezani, nauli za kwenda kwenye mashindano ya ngazi za juu, na saa nyingi za kufanya mazoezi ya hotuba ambayo ingedumu dakika saba tu. Mtu mwenye watoto wadogo au kazi ya zamu afanye mahesabu hayo na wenzake wa nyumbani kabla ya kuahidi chochote kwa klabu.

Jukumu la kwanza nililopewa lilikuwa la kutunza muda, na nililipokea kwa shingo upande nikiona kama nimepewa kazi ya kushika saa kwa sababu sikuwa na uwezo wa kingine. Kwa hotuba ya kawaida ya dakika tano hadi saba, mtunza muda huwasha taa ya kijani dakika ya tano ikifika, ya njano dakika ya sita, na nyekundu dakika ya saba. Kazi hiyo inaonekana nyepesi mpaka ukae nayo na kumtazama msemaji usoni. Niliona watu wenye akili timamu wakiitazama taa ya kijani kana kwamba imewashwa kwa ajili ya mtu mwingine. Niliona mmoja akisema “kwa kumalizia” taa ya njano ilipowaka, akaanza kisa kipya kabisa, akasema tena “kwa kumalizia” kwenye nyekundu, kisha akaharakisha maneno kiasi kwamba sentensi aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mwisho, ambayo huenda ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, ilipita bila mtu kuisikia. Kutoka kwenye kiti changu nilibaini pia kwamba muda mwingi huliwa mwanzoni: salamu ndefu, maelezo ya jinsi mada ilivyochaguliwa, kuomba radhi kwa mafua. Aliyeanza na kisa chake moja kwa moja karibu kila mara alimaliza kwa utulivu.

Jukumu lililofuata, la kuhesabu sauti na maneno ya kujazia pengo, lilinitesa zaidi. Unapewa karatasi yenye majina ya wasemaji, na kila mtu anaposema “eee”, “yaani”, “kwa hiyo”, “sawa?” au “kama mnavyojua” pasipo sababu, unaweka alama. Baada ya muda mfupi niligundua mpangilio ambao sikuutarajia: alama nyingi hazikuangukia katikati ya wazo, ziliangukia kwenye viungo, pale msemaji anapomaliza jambo moja na hajajua lipi linafuata. Mwenye “yaani” nyingi mara nyingi alikuwa hajapanga hotuba yake, na ulimi ulikuwa ukimnunulia muda. Kuanzia hapo niliacha kupambana na “eee” zangu moja moja, nikaanza kuandika kwa maneno kamili sentensi inayonivusha kutoka hoja moja kwenda nyingine, na pale palipobaki pengo nikajizoeza kunyamaza. Kunyamaza kwa sekunde mbili mbele ya watu kunamtisha anayenyamaza tu. Hadhira hudhani unatafakari.

Hotuba ya kwanza ya mwanachama ni ya kujitambulisha, dakika nne hadi sita. Yangu niliikariri neno kwa neno, na hili nalitaja kwa sababu naona wapya wengi wakilirudia. Maneno yaliyokaririwa yameshikana mikono: likipotea moja yanaondoka yote. Nilipopoteza sentensi moja katikati sikuwa na njia ya kurudi, kwani sikuwa na ramani ya mawazo, nilikuwa na mfululizo wa maneno tu. Moyo ulinidunda hadi nikausikia masikioni. Tangu wakati huo nakariri sentensi ya kufungulia na ya kufungia, najua mpangilio wa hoja kwa vidole vya mkono, na yaliyobaki nayasema kama yanavyokuja, tofauti kidogo kila mara. Mazoezi nayafanya nimesimama na kwa sauti kamili, kwa kuwa hotuba inayosomwa kimoyomoyo huonekana fupi kuliko ilivyo.

Tathmini ndiyo moyo wa mambo yote haya, na pia ndiyo inayofanywa vibaya kuliko yote. Nilipokea aina mbili zisizo na faida. Ya kwanza ni ile ya “hongera, hotuba nzuri sana, endelea hivyo hivyo”, ambayo hupendeza masikioni na kesho yake haina kitu. Ya pili ni orodha ndefu ya kasoro iliyosomwa mbele ya wote, mikono, macho, sauti, sarufi, mpaka mtu akashindwa kujua aanze na lipi. Iliyonisaidia ilitoka kwa mama mmoja mwanachama wa zamani ambaye hakuwa msemaji mashuhuri hata kidogo. Nilikuwa nimesimulia siku ambayo baba yangu alifunga duka lake kwa mara ya mwisho. Mama yule alisema: “Uliposema baba alizungusha ufunguo, uliinamisha macho kwenye karatasi. Tulitaka kuuona uso wako hapo, wewe ukatuonyesha utosi. Hotuba ijayo, chagua sentensi moja unayoitaka tuikumbuke, na uiseme ukimtazama mtu.” Jambo moja, mahali maalumu, na kazi ya kwenda kufanya. Nilipoanza kutathmini wenzangu kwa namna hiyo, ilinibidi nisikilize kwa makini kiasi cha kuweza kutaja sentensi yenyewe iliyopwaya, na zoezi hilo likaanza kunionyesha sentensi zangu mwenyewe zinazopwaya kabla sijasimama. Hakuna hotuba yoyote niliyotoa iliyonisogeza mbele kama tathmini nilizozitoa kwa wengine.

Sherehe ilikuja mwezi Oktoba 2024, shirika lilipotimiza miaka 100, na klabu nyingi ulimwenguni ziliadhimisha siku hiyo kila moja kwa namna yake. Nilikuwa kwenye kamati ya maandalizi ya klabu yetu. Tulidhani kuandaa sherehe ni kuandaa kikao chenye keki. Wageni walioalikwa kutoa salamu waliambiwa kwa mdomo kwamba waseme kwa ufupi, na “ufupi” kila mmoja aliupima kwa kipimo chake. Zaidi ya hapo, mmoja wetu alipendekeza kwamba taa za muda zisiwashwe kwa wageni, ati ni utovu wa adabu kumwashia mgeni wa heshima taa nyekundu, na wengi tukakubali. Matokeo yake ni kwamba salamu zilikula nusu ya programu, wanachama wawili wapya waliokuwa wamejiandaa kwa wiki kadhaa waliombwa wafupishe hotuba zao hadi kiini tu, na mwanachama mmoja aliyekuwa ameandaa historia ya klabu alisoma ukurasa wa kwanza akakunja karatasi. Huyo ndiye aliyekuwa na habari ambayo wengi waliokuwepo hawakuijua, kwamba wanawake hawakuruhusiwa rasmi kuwa wanachama hadi mwaka 1973. Ukumbini wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na ingekuwa vyema jambo hilo likasikika.

Kwa anayeandaa sherehe ya klabu ya namna hii, barua ya mwaliko itaje dakika kwa tarakimu, na ieleze mapema kwamba taa zitawashwa kwa kila atakayeshika kipaza sauti, awe mgeni au mwenyeji. Mgeni anayejua hilo wiki mbili kabla hakasiriki. Anayekasirika ni yule anayeshtukizwa. Wapya wawekwe mapema kwenye programu, salamu zifuate, kwa kuwa salamu zinaweza kukatwa bila kumwumiza mtu. Na kipaza sauti kijaribiwe ukumbi ukiwa umejaa watu au angalau ukijua kwamba utajaa, maana sauti inayotosha kwenye viti vitupu humezwa na umati.

Mashindano ni ulimwengu mwingine. Huanzia kwenye klabu, hupanda hadi eneo, halafu ngazi za juu yake hadi wilaya (eneo na wilaya hapa ni makundi ya klabu, si mipaka ya serikali), na kwa upande wa hotuba kuu ya kimataifa, njia hiyo huishia kwenye fainali ya ubingwa wa dunia, ambayo chanzo chake ni mwaka 1938. Kabla ya kufikiria mada, hakikisha ada yako na ya klabu imelipwa, na kwamba umetimiza hotuba zinazotakiwa kwa aina ya shindano unaloliwania, kwa sababu nimeona mtu aliyejiandaa vyema akiondolewa kwa karatasi na si kwa ulimi. Hotuba iwe yako. Kanuni zinaruhusu robo ya hotuba, si zaidi, kutumika kunukuu au kurejelea maneno ya mtu mwingine, na ni lazima umtaje mwenyewe. Hadithi maarufu inayozunguka kila mahali, hata ukiisimulia vizuri namna gani, ni hatari.

Kwenye shindano la klabu nilishinda. Waliosikiliza walikuwa wananifahamu, walicheka kabla sijafika kwenye kichekesho, na nilipotaja duka la baba baadhi yao walikuwa tayari na habari zake. Mcheza kwao hutunzwa. Nilipofika kwenye shindano la eneo na hotuba ileile, kicheko cha kwanza hakikuja. Nilisimama pale kwa muda mfupi nikikisubiri, kisha nikaharakisha, na sikurudi tena kwenye mwendo wangu. Sikupata nafasi yoyote. Nisiseme kwamba nililichukulia kwa moyo mkunjufu. Nilipiga makofi kwa washindi huku mikono ikiwa mizito, na wivu ulinikaa kwa siku kadhaa. Nilichopaswa kufanya kabla ya hapo ni rahisi: kuitoa hotuba ile kwenye klabu nyingine mbili au tatu ambako hakuna aliyenijua. Klabu jirani hupokea wasemaji wageni bila shida, tena mara nyingi huwa na nafasi tupu kwenye ratiba.

Jioni ileile nilijifunza pia kuhusu muda wa mashindano. Hotuba ya dakika tano hadi saba ina nafuu ya sekunde thelathini kila upande, kwa hiyo mshindani huondolewa akisema chini ya dakika nne na nusu au zaidi ya saba na nusu. Msemaji ambaye ukumbi mzima ulidhani ndiye bora alichekesha watu sana, na kicheko cha hadhira kinahesabiwa ndani ya muda wa msemaji. Matokeo yalipotangazwa, mwenyekiti alisema tu kwamba kuna mshindani aliyeondolewa kwa sababu ya muda, bila kutaja jina, kama kanuni zinavyotaka. Uso wa msemaji yule lakini ulimtaja. Mtu mwenye hotuba ya kuchekesha aiandike iishe ndani ya dakika sita akiwa peke yake chumbani, awaachie watu dakika iliyobaki. Tena saa huanza kuhesabu pale unapoanza kuwasiliana na hadhira, hata kama ni kwa ishara tu. Kitendo cha kuigiza kimya mwanzoni kina gharama yake.

Miaka iliyofuata nilikaa upande wa waamuzi, na upande huo ulinifungua macho kuliko kushindwa kwangu. Baada ya kila hotuba kuna dakika moja ya kimya kabisa ukumbini ili waamuzi waandike alama. Katika dakika hiyo mwamuzi anatazama karatasi yenye mafungu, na maudhui ndiyo yanayobeba alama nyingi kuliko uwasilishaji au lugha. Mara nyingi nilijikuta na kumbukumbu nzuri ya mikono na sauti ya msemaji, nisijue alikuwa anataka tuondoke na nini. Mshindani aliyekuwa na sauti ya kawaida lakini aliyeniachia wazo ninaloweza kuliandika kwa sentensi moja ndiye aliyepanda. Kila mwamuzi hutaja wa kwanza, wa pili na wa tatu wake, nao hupata pointi tatu, mbili na moja. Kwa hiyo anayependwa sana na mwamuzi mmoja na kusahaulika kwa wengine hafiki mbali. Hilo lilinifariji nikikumbuka matokeo yangu, na pia lilinionyesha kwa nini kubishana na matokeo hakuna maana: tofauti kati ya wa pili na wa nne inaweza kuwa kalamu ya mtu mmoja.

Kutoka kiti cha mwamuzi nilianza pia kuwatambua waigaji. Rekodi za fainali za dunia zinapatikana kwa urahisi, na washindani wengi huzitazama hadi wanazivaa. Mwaka 2015 aliyeshinda ni Mohammed Qahtani kutoka Saudi Arabia, mtu aliyewahi kuhangaika na kigugumizi, na baada ya ushindi ule nilisikia hotuba kadhaa za watu wenye usemi laini kabisa wakijitafutia dosari ya kushinda. Kile chake kilikuwa maisha yake. Vilevile kilio cha ghafla dakika ya tano, kifaa kinachotolewa mfukoni na hatua tatu kushoto kisha tatu kulia, vyote hivi mwamuzi amekwisha kuviona asubuhi ileile kwa mshindani mwingine. Tazama rekodi, lakini zitazame kwa kalamu ya mtathmini: wazo ni lipi, limeingia dakika ya ngapi, msemaji alinyamaza wapi.

Mtu mwoga kama nilivyokuwa mimi, asiyejisikia tayari kwa hotuba kuu, ningempeleka kwanza kwenye shindano la tathmini. Washindani wote husikiliza hotuba moja ya majaribio, hutolewa nje, hupewa dakika tano za kuandika, kisha vifaa vyao huchukuliwa na kila mmoja huitwa kwa zamu kusema kwa dakika mbili hadi tatu. Huhitaji kisa cha maisha yako wala miezi ya mazoezi. Unahitaji kuwa umesikiliza. Na kwa aliye mgeni kabisa katika klabu, makamu wa rais anayeshughulikia elimu ndiye hupanga majukumu. Mwombe akuweke kwenye saa, kisha kwenye kuhesabu maneno ya kujazia pengo, kisha kwenye tathmini, kabla au sambamba na hotuba yako ya kwanza. Nafasi hizo hazigombaniwi, kwa hiyo huenda ukapata jibu kabla kikao hakijaisha.